Kitambaa cha Tata Kwenye Kona ya Tangi

Ilianza Jumamosi ya mwisho ya likizo ya Agosti, saa nane unusu mchana. Tata aliingia sebuleni akiwa na kitambaa kwapani, akasimama mbele ya tangi la samaki, akalitazama kutoka juu mpaka chini, kisha akamwambia Mami kwamba hicho kitu kiko uchi na wageni wanakuja.

Ninaandika nikiwa bado na hasira. Nilijaribu kungoja zipoe kwanza ili niandike vizuri, lakini hazipoi, basi nitaandika hivyo hivyo.

Tata ni dada mkubwa wa Mami. Anaishi kule chini, upande mkavu wa Embu, ambako maji yanaletwa na punda. Alikuja kwetu mtaa wa Majimbo siku ya Ijumaa kumsaidia Mami, kwa sababu wiki hiyo jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali nyumbani kwetu. Jumuiya ikija kwako, nyumba yako inakaguliwa, hata kama hakuna anayesema inakaguliwa. Ndiyo maana vitambaa vyote vilikuwa vimefuliwa, vikatiwa wanga, vikapigwa pasi, vikarudishwa kila mahali: juu ya viti, juu ya meza, juu ya redio, juu ya televisheni, hata juu ya mtungi wa maji ya kunywa. Tangi peke yake ndilo halikuwa na kitambaa. Tata alikuwa ameliona hilo mara ya mwisho alipotutembelea, akarudi kwake, akafuma kimoja kirefu, cheupe chenye ukingo wa manjano, saizi ya tangi kabisa, na alikuwa amepima kwa macho tu. Kilikuwa kizuri. Nasema hivyo ili nisionekane muongo kwa hayo mengine.

Tangi ni langu, ingawa aliyelileta ni Baba. Baba ni mtunza stoo katika hoteli moja mjini Meru, anakuja nyumbani Jumamosi jioni na kurudi Jumapili. Mwaka jana hoteli ilibadilisha mapokezi yake, tangi likatolewa nje likanyeshewa, Baba akaliomba. Lilifika kwetu kwa pikapu likiwa limefungwa blanketi kama mgonjwa. Baba alifikiri ni sanduku la kioo, unajaza maji, unatia samaki, umemaliza. Mimi ndiye niliyekaa nalo mpaka nikalielewa.

Kwenye kona moja ya nyuma kuna ukuta mweusi wa plastiki, na juu ya huo ukuta kuna meno kama ya kichana. Maji yanapanda mpaka kwenye kichana, yanapita katikati ya meno, yanaanguka nyuma ya ukuta, yanashuka kwa paipu hadi kwenye tangi dogo lililo ndani ya kabati chini. Huko yanapita kwenye sponji na kokoto, yanasafishika, halafu pampu inayarudisha juu. Yanazunguka hivyo mchana na usiku. Sasa, pampu haijui kinachoendelea juu. Kazi yake ni kusukuma. Maji yakikosa kushuka kwa kona, yenyewe itaendelea kuyaleta, na yatatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni kapeti ya Mami.

Nyuma ya ule ukuta kuna paipu mbili. Ya kwanza ina koki. Ukiifungua sana, paipu inavuta hewa pamoja na maji na inakoroma kama mtu anayemaliza soda kwa mrija. Ukiifunga sana, maji yanapanda. Kuna mahali katikati ambapo yanashuka vizuri, na hapo nimepaka mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, ili nisipapoteze. Paipu ya pili ni ndefu kidogo kuliko ya kwanza na siku za kawaida haina kazi. Iko pale kungoja siku ambayo ya kwanza itaziba. Haifungwi na haifunikwi. Hata kila kitu kikiwa sawa, kuna sauti ndogo ya maji yakivuka meno ya kichana, sauti ambayo haiishi. Mimi huisikia nikiwa jikoni nikiosha vyombo. Nikiisikia najua mambo ni sawa.

Mimi si mtu wa kuongea. Shuleni mwalimu akitaja jina langu uso unawaka moto kabla sijajua swali lenyewe ni gani. Wageni wakija nasalimia nikiangalia viatu vyao. Kwa tangi sihitaji kusema kitu. Nasikiliza. Nikikosea maji yanabadilisha sauti, nikirekebisha yanabadilisha tena, na hakuna anayecheka.

Lilikuwa limemwaga mara mbili. Mara ya kwanza stima ilipotea, pampu ikasimama, na maji ya juu yakarudi chini kwa paipu ya pampu, vile mtu anavyovuta petroli kwa mpira, mpaka tangi dogo likafurika. Nilitoboa tundu kwenye hiyo paipu kwa msumari wa moto, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili maji yakifika hapo paipu ivute hewa na kurudi kukome. Tangu hapo stima imepotea mara nyingi na hakuna tone lililoanguka. Mara ya pili ilikuwa konokono. Aliingia kwenye paipu, akakaa hapo kama kizibo. Wakati huo paipu ilikuwa moja. Ndipo nikazibua tundu la pili chini ya ile kona, ambalo watu wa hoteli walikuwa wameliziba, nikaweka paipu ya pili.

Baada ya konokono, Baba alisema likimwaga tena litaondoka. Kuna rafiki yake mwenye hoteli ndogo Kiirua aliyekuwa akiliulizia. Baba huwa hasemi kitu mara mbili. Sikubisha, kwa sababu nilijua halitamwaga tena. Nilikuwa nimefikiria kila njia ambayo maji yanaweza kunidanganya. Sikufikiria kitambaa.

Hapana, nilikifikiria. Nilipokiona tu kwapani mwa Tata nilikifikiria. Nilimfuata Mami jikoni nikamwambia polepole kwamba kisifike kwenye kona ya nyuma. Akasema wageni wakienda nitakitoa. Nikasema hata wakiwepo. Akaniangalia kwa yale macho ya usinianzie leo. Nikarudi sebuleni, nikakikunja upande wa kona, nikakibana kwa kibanio cha nguo, vizuri, kwa njia ambayo mtu aliyekaa kwenye viti hawezi kuona. Nikasikiliza. Maji yalikuwa yanavuka meno kama kawaida.

Jumuiya ilifika, wamama wengi na wazee wawili. Mwenyekiti wao ni mama mmoja ambaye hata akinong'ona unamsikia barabarani. Nilikaa kwenye mkeka kando ya mlango wa jikoni, mahali pa vijana, na kijana nilikuwa peke yangu. Rozari ilikwenda vizuri. Injili ikasomwa. Halafu ukafika ule wakati wa kukaa kimya na kutafakari, na katika kimya hicho likabaki tangi langu tu linaloongea.

Mwenyekiti alifungua jicho moja. Akauliza hayo maji yanakwenda wapi. Mami akamjibu kwamba hayaendi popote, yanazunguka tu. Mzee mmoja akasema, "Kama mimi asubuhi nikitafuta miwani," na watu wakacheka, hata mimi nilicheka kidogo.

Tata hakucheka. Nyumba ilikuwa ya dada yake, na aliona imepata aibu. Akainuka na kusema, "Ngojeni nikifunike kinyamaze. Huko kwetu kuku akipiga kelele wakati wa sala unamfunika na kikapu. Ananyamaza mara moja, anafikiri ni usiku."

Akatoa kibanio changu. Akavuta kitambaa mpaka kwenye kona, kikafunika kichana, kikafunika paipu zote mbili, na ili kisiteleze akasukuma ukingo wake ndani kwa vidole, taratibu, kama mama anayefunika mtoto blanketi. Niliona ule ukingo wa manjano ukilowa. Kisha niliona maji yakiuvuta kidogo kidogo. Sauti haikuzima ghafla. Ilipungua, ikapungua, ikaisha.

"Mmeona?" Tata alisema. "Ilikuwa inataka giza tu."

Watu wakamsifu. Wakafumba macho tena, na maombi ya mmoja mmoja yakaanza.

Hapa ndipo ninapotaka kujipiga kofi. Nilijua kwamba kile kimya ni maji yanayopanda. Nyumba nzima ilikuwa imetulia kwa furaha na mimi peke yangu nilikuwa nasikia hatari. Nikainua mkono. Niliinua mkono kama niko darasani. Nani angeuona, na macho yote yamefungwa? Niliushikilia hapo juu mpaka ukaanza kuuma, nikingoja mtu anichague, huku mama mmoja akiwaombea wagonjwa wote wa mtaa, mlango kwa mlango. Mwishowe nikasimama. Ili kufika kwa tangi ilibidi nipite mbele ya Tata, na Tata, bila kufungua macho, aliweka mkono wake mzito begani mwangu akanishusha.

"Keti, mwana wangu. Tunaomba."

Nikaketi. Alinishusha kwa upendo. Hilo pia linaniudhi.

Maji yalimwagika upande wa mbele, wakati tunaombea mvua. Yalishuka kwenye kioo kama pazia, yakaingia kwenye kapeti, yakafika kwenye miguu ya mwenyekiti kabla hajasema amina. Wamama wakanyanyua viatu na mikoba. Yule mzee wa miwani akainua miguu yake yote miwili, akasema kumbe leo kuna ubatizo na hawakuambiwa, na watu wakacheka tena, wakilowa. Mimi nilikuwa nimeshapita. Waya wa soketi ulikuwa sakafuni na maji yalikuwa yanaufuata. Nikachomoa plagi. Chini kwenye kabati pampu ilikuwa imeanza kulia, kwa sababu tangi dogo lilikuwa limekauka. Maji yake yote yalikuwa juu ya kapeti.

Nilipoinua kichwa nilimwona Mami kwenye kona. Alikuwa anavuta kitambaa. Kilikuwa kimeingia kwenye paipu zote mbili na ilibidi avute kwa nguvu, akapumzika, akavuta tena, na kilipotoka kilitoka na ile sauti ya kinywa kinachoachilia mrija. Maji ya juu yakaanza kushuka hapo hapo. Mami aliyaona yakishuka. Aliangalia kitambaa, akaona alama za meno ya kichana zimejichora kwenye ukingo wa manjano. Halafu akaniangalia mimi. Tuliangaliana. Akakikunja, akakiweka chini ya kwapa, akaenda nacho nyuma ya nyumba.

Mimi nikachukua tambara. Tangi likimwaga mimi ndiye ninayepangusa, hiyo inajulikana. Nilipangusa nikipita kati ya miguu ya wamama na kusikia wakinijadili juu ya kichwa changu. Mwenyekiti alisema samaki aliumbiwa mto. Tata alisema, kwa huzuni, si kwa ubaya, kwamba watoto wa mjini wanafuga maji ndani ya nyumba yazunguke bure, na huko kwake watu wanaamka na punda kuyatafuta. Anasema kweli kuhusu punda. Nimewahi kwenda naye, najua safari ilivyo. Lakini punda hakuziba paipu.

Baba alifika jioni akakuta kapeti iko kwenye ua inadondoka maji. Hakuuliza maswali mengi. Aliuliza kama limemwaga tena, na Mami akasema ndiyo. Akaishia hapo, ndiyo basi. Tata alikuwa anakoroga chai. Nadhani hata sasa Tata haoni alichokosea. Tukiosha vikombe alikuwa ameniambia, kwa kunifariji, nisilie, chombo ni kibovu tu, vitu vya hoteli vikitupwa vinatupwa kwa sababu. Kwa hivyo Tata simlaumu sana. Lakini Mami alikivuta kile kitambaa kwa mikono yake.

Baba akachukua simu. Akaongea na rafiki yake wa Kiirua tukiwa tumeketi hapo hapo. Wakakubaliana pikapu ije kesho, watu wakitoka kanisani, tangi lichukuliwe pamoja na samaki. Aliongea kama anayepanga kuhamisha kabati.

Nilisema, "Baba, si mimi."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi nyuma ya hayo mawili. Nilikuwa nayo yote, kichana, paipu ya pili, ukingo wa manjano. Na kabla hayajapata njia Mami akasema, "Usimjibu baba yako."

Nilimngoja aendelee. Nilifikiri ananinyamazisha ili aseme yeye. Akamwongezea dada yake chai.

Najua sababu yake. Tata alimbeba Mami mgongoni akiwa mdogo, nyanya yetu akiwa shambani, na hilo linasemwa kwetu kila Krismasi. Kumwaibisha Tata mbele ya Baba kungekuwa jambo kubwa. Kuniaibisha mimi ni jambo dogo, mimi nimezoea, mimi sisemi kitu. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga, na aliipiga haraka, kwa jicho moja, pale kwenye kona. Huwa wanasema mtu mpole anapendwa na kila mtu. Mtu mpole anarundikiwa kila kitu, hivyo ndivyo ninavyoona.

Nilikagua pampu kabla ya kulala. Ilikuwa nzima. Nikatia yale maji niliyokuwa nimeyalaza kwenye ndoo tangu juzi, kwa sababu ya mfereji ukiyatia moja kwa moja yanaumiza samaki. Nikaweka koki kwenye mstari mwekundu. Maji yakaanza kuvuka meno, na nikalala nikiyasikia, nikijua kesho usiku hayatakuwepo.

Asubuhi nilitoka nyuma ya nyumba. Kitambaa kilikuwa kimeanikwa katikati ya shuka mbili, mahali ambapo mtu wa sebuleni hawezi kukiona. Kilikuwa kimekauka na zile alama zilikuwa bado zipo. Nikakichukua.

Walikuwa mezani wakinywa chai na nduma, wameshavaa nguo za kanisa, Baba amepaka viatu rangi mpaka vinang'aa. Baba hupenda kukaa upande wa tangi. Niliingia, nikasalimia, nikatandaza kitambaa juu ya tangi. Nikakivuta hadi kwenye kona. Nikasukuma ukingo ndani kwa vidole, taratibu, sawasawa na vile nilivyoona kikifanywa. Uso ulikuwa unawaka, lakini mikono ilikuwa inajua kazi.

Baba akauliza ninafanya nini.

"Ngojeni kidogo," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Nikainua waya wa soketi kutoka sakafuni, nikauweka juu ya kiti. Kisha nikarudi nyuma hatua moja na kushika mikono yangu mgongoni.

Sauti ikapungua. Ikapungua tena. Ikaisha. Mami aliweka kikombe chini. Akaanza kuinuka, na Baba, ambaye sasa alikuwa anatazama maji, akamwambia akae. Maji yalikuwa yanapanda kwenye kioo polepole. Tata alisema tutachelewa misa. Mimi sikusogea. Nilikuwa nimeamua kwamba safari hii sitakimbia, mtu mwingine atasimama.

Yalipofika ukingoni yalivimba kwanza, yakajishikilia pale juu kama yanafikiri, halafu yakaachia. Yaliangukia viatu vya Baba. Baba alisimama, akatia mkono kwenye kona na shati la kanisa likiwa na mikono mirefu, akavuta, akavuta tena. Kitambaa kikatoka na ile sauti yake. Paipu zote mbili zikakoroma na maji ya juu yakashuka huku tukiyatazama.

Alikishika kile kitambaa kikidondoka maji, akauliza, "Jana kilikuwa hapa?"

"Si ilikuwa inapiga kelele," Tata alisema, "na watu wanaomba." Alisema bila kuficha kitu. Halafu akatazama kitambaa chake, akatazama kona, na nikaona anaanza kuelewa, na akamgeukia Mami, kwa sababu naye pia hakuwa ameambiwa.

Mami alikuwa anatazama chai.

Baba alikiangika kitambaa kwenye kiti chake. Alitoka nje na simu yake, shati likiwa limelowa hadi kwenye kiwiko, na kupitia dirishani tulimsikia akimwambia mtu wa Kiirua kwamba pikapu isije. Akasema hapana, si wiki ijayo pia. Halitoki.

Ndani sakafu ilikuwa na maji. Nilienda nikachukua tambara nyuma ya mlango. Tata, kwa mazoea, alianza kunyanyua miguu ili nipite chini yake. Sikupiga magoti. Nilizunguka meza mpaka mbele ya Mami nikampa tambara kwa mikono miwili, vile tulivyofundishwa kumpa mtu mkubwa kitu, nikangoja mpaka alipolishika. Halafu nikaenda kutafuta viatu vyangu vya kanisa.